Nilijua Kupima Bwawa, Sikujua Kumpa Mtoto Pumzi

Najua wengi wenu mnasubiri sehemu ya pili ya somo la chakula cha sato, na jana tu nimepokea simu tatu za kunikumbusha. Somo litakuja. Leo naomba mnivumilie, maana nina jambo limenikaa kifuani kwa miaka miwili na nimeona bora nilitoe.

Nataka tuongee habari ya huduma ya kwanza. Usifunge ukurasa ukidhani umepotea njia umeingia kwa daktari. Mimi ni bwana shamba, udaktari sijasomea, na hoja yangu ya leo inaanzia hapohapo. Shambani anayefika wa kwanza kwa mgonjwa si daktari. Ni wewe, ni jirani yako, ni mimi niliyekuja na futi kamba na mzani. Kwa hiyo naona huduma ya kwanza inatakiwa ifundishwe ndani ya mafunzo ya kilimo, kwenye shamba darasa, pamoja na nafasi za kupandia na vipimo vya mbolea. Nitaeleza kwa nini.

SIKU ILE BWAWANI

Bwawa lenyewe nililipima mimi. Mita 20 kwa 15, upande mmoja kina cha nusu mita, upande wa pili mita moja na nusu. Nilimsimamia mwenye shamba mpaka tukapandikiza vifaranga. Nilimfundisha kuweka samadi, kulisha, kuzuia ndege. Lilikuwa bwawa zuri la mfano, hata wageni wa wilayani niliwapeleka pale. Uzio hatukuweka. Mimi mwenyewe nilisema uzio unaongeza gharama, tutaweka baada ya mavuno ya kwanza.

Siku hiyo nilikwenda kupima uzito wa samaki. Tulikuwa upande wa juu, chini ya mwembe, tunaandika namba kwenye daftari. Watoto walikuwa wanacheza kule chini kama siku zote. Kilichotushtua ni kwamba kelele zao zilikata ghafla. Halafu mmoja akaja mbio kusema mwenzao yuko majini.

Kijana mmoja akajitosa, akamtoa. Mtoto wa jirani, miaka saba. Mwili umelegea, midomo imebadilika rangi, hapumui. Mzee mmoja akamshika miguu akamning'iniza kichwa chini, akawa anamtikisa ili maji yatoke. Mwingine akamkandamiza tumbo. Mama mmoja akaja na kitunguu, akamnusisha. Mwingine akapiga kelele iitwe bodaboda. Mimi, na diploma yangu ya kilimo, nilisimama na mzani mkononi. Nakumbuka kabisa kwamba sikuuweka chini. Nikapiga simu kwa nesi wa zahanati, haikupatikana. Nikapiga tena.

Bodaboda ikaja, wakambeba katikati, kilomita 9 za barabara ya vumbi. Njia nzima hakuna aliyempa hata pumzi moja. Nesi alimpokea, akahangaika naye kwa muda mrefu, lakini alikuwa ameshachelewa.

Baada ya maziko, bibi wa yule mtoto aliniita pembeni. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Pale ulimfanyia nini mjukuu wangu?"

Nikasema, "Bibi, nilipiga simu."

Akasema, "Haya. Asante baba."

Ile "asante baba" ndo inaniandikisha makala hii.

KITU AMBACHO KILIWEZEKANA

Miezi michache baadaye nikajilipia mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku mbili. Mwalimu alimlaza mdoli wa plastiki sakafuni, akatuuliza, huyu kazama, mnaanzia wapi? Darasa zima tukasema tunamtoa maji. Akatikisa kichwa. Akasema mtu aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo mpe hewa. Maji yaliyoingia kwenye mapafu mara nyingi si mengi kama tunavyofikiri, na kumning'iniza au kumkandamiza tumbo kunapoteza muda na kunamtapisha, matapishi yanaingia tena kwenye njia ya hewa. Ubongo usipopata hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache, nne, tano hivi. Sisi kutoka bwawani mpaka zahanati tulitumia zaidi ya nusu saa.

Nieleze kwa kifupi alivyotufundisha. Mlaze mtu chali mahali pagumu. Muite kwa nguvu, mguse mabega. Haitiki? Tuma mtu mmoja, umtaje kwa jina, aende kutafuta usafiri na kupiga simu. Inamisha kichwa chake nyuma kidogo na uinue kidevu ili njia ya hewa ifunguke. Angalia kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Kama hapumui, au anahema kwa kukwama kama samaki aliye nchi kavu, anza kazi.

Kazi yenyewe wataalamu wanaiita CPR. Unaweka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, na unakandamiza kwa nguvu mpaka kifua kinabonyea sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukikandamiza unakiacha kifua kirudi juu chenyewe. Ukifika 30, unambana pua, unafunika mdomo wake kwa mdomo wako, unampulizia pumzi mbili mpaka uone kifua kinapanda. Unarudi kwenye 30. Mtoto mdogo unatumia mkono mmoja, na kifua kibonye kama theluthi ya kina chake. Mtu aliyezama unaanza na pumzi kabla hujakandamiza. Wapo wanaofundisha mbili, wapo wanaofundisha tano. Aliyedondoka ghafla sokoni na wewe hukufundishwa kupuliza, basi kandamiza tu usisimame. Hiyo peke yake inasaidia.

Jamani, inachosha. Mimi nalima, nabeba mifuko, lakini dakika mbili zile zilinitoa jasho. Ndiyo maana mnatakiwa muwe wawili watatu mnaopokezana. Na kusoma hapa hakutoshi, kama ambavyo kusoma habari za kupogoa mikahawa hakujakufanya ujue kushika mkasi. Lazima mkono uguse mdoli, mwalimu akurekebishe.

Sisemi yule mtoto angepona. Hilo siwezi kulisema na sitaki kumpa mtu yeyote jeraha jipya. Ninachosema ni kwamba ilikuwepo njia, haikuhitaji dawa wala umeme, na katikati ya watu kumi na kitu wenye nguvu hakuna aliyeijua.

"HIYO SI KAZI YETU, NI YA MADAKTARI"

Hili nimeambiwa mara nyingi, hata na wenzangu wa ugani. Jibu langu ni historia ya kitu chenyewe.

Huu ukandamizaji wa kifua ulielezwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 1960 na watu watatu wa Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani. Mkubwa wao, William Kouwenhoven, alikuwa mhandisi wa umeme. Makampuni ya umeme yalikuwa yanapoteza mafundi waliopigwa na nyaya, yakataka ijulikane moyo ulioshtuliwa na umeme unarudishwaje. Na jambo kubwa walilolitoa watu wale ni kwamba kazi hii haihitaji chumba cha upasuaji, inahitaji mikono miwili tu.

Na yule mdoli wa kujifunzia je? Aliyemtengeneza, mwaka huohuo wa 1960, ni Asmund Laerdal wa Norway, mtu wa kutengeneza vitu vya watoto vya kuchezea. Mwanawe mwenyewe alinusurika kuzama akiwa mdogo, baba akawahi kumtoa. Kwa hiyo mhandisi wa umeme na fundi wa midoli waliona ni kazi yao. Sasa sisi tunaochimba mabwawa, tunaoleta pampu za umeme, tunaouza sumu za wadudu, tunasemaje siyo yetu?

Shirika la Kazi Duniani, ILO, linaitaja sekta ya kilimo kati ya tatu zenye hatari zaidi duniani, pamoja na ujenzi na migodi. Mgodini kuna bosi anayelazimishwa na sheria, na hapa kwetu ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA wanakagua viwanda. Lakini mkulima wa ekari mbili hana mwajiri. Bosi ni yeye, kibarua ni yeye, na kibarua wa pili ni mke wake au mwanawe. Anayekanyaga shamba lake mara kwa mara kwa niaba ya serikali ni afisa ugani. Tusipolibeba sisi hili, litabaki chini.

MASHINE YA KUSHTUA MOYO

Wapo mtakaouliza habari ya ile mashine wanayoonyesha kwenye filamu. Ipo ndogo inayoitwa AED, ambayo huwekwa ukutani kwenye viwanja vya ndege na majengo makubwa. Wengi wanaiogopa, wanadhani ni ya mabingwa. Kumbe ukiiwasha inakuelekeza yenyewe kwa sauti. Unamvua mtu shati, unakausha kifua kama kimelowa, unabandika vibandiko viwili kama picha inavyoonyesha, kimoja juu upande wa kulia chini ya mfupa wa mtulinga, kingine upande wa kushoto chini ya kwapa. Inausoma moyo. Kama haufai kushtuliwa, mashine haitashtua hata ukibonyeza. Kama unafaa, inakwambia msimguse mtu, kisha inatoa mshtuko, na papo hapo mnarudi kukandamiza. Kwa hiyo siku ukiwa mjini mtu akadondoka na ukaiona ukutani, usiogope, ichukue.

Lakini tuambiane ukweli. Kijijini kwetu haitafika kesho. Hata ikifika, inataka betri na vibandiko vyenye tarehe ya mwisho, na tunajua hatima ya vifaa vya msaada vinavyofungiwa ofisini. Halafu wengi hawajui kwamba mashine ile haiwashi moyo uliozimika kabisa. Inatuliza moyo unaotetemeka hovyo ili uanze kupiga kwa mpangilio. Hata ingekuwa imening'inia pale kwenye mwembe siku ile, kitu cha kwanza alichohitaji yule mtoto kilikuwa hewa. Kwa hiyo kikundi kikiwa na hela kidogo, nashauri msianze kuota mashine. Anzeni na mikono.

MAMBO YA SHAMBANI KILA SIKU

Kuzama na moyo kusimama si matukio ya kila wiki. Kuna mengine tunayaona kila msimu, na humo ndimo makosa yetu ni mengi zaidi.

Sumu za wadudu ndizo zinanihusu kabisa, maana mimi ndiye ninayewaambia mpulizie. Dawa kama profenofosi na klopirifosi zinaingia hata kupitia ngozi. Mtu anaanza kutoka jasho jingi, mate, machozi, mboni za macho zinakuwa ndogo, misuli inachezacheza, kifua kinabana. Tunachofanya? Tunamnywesha maziwa. Au tunamtia vidole kooni atapike. Vyote viwili acheni. Kutapisha kunaweza kupeleka sumu kwenye mapafu, na maziwa si dawa ya sumu. Muondoe kwenye eneo lenye dawa, mvue nguo zilizolowa, umwoshe kwa sabuni na maji mengi huku wewe umevaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi. Akilegea, mlaze ubavu. Halafu nendeni hospitali na chupa yenyewe au lebo yake, maana daktari anatakiwa ajue ni sumu gani. Na aliyekunywa sumu usimpulizie mdomo kwa mdomo, utainywa na wewe. Kandamiza kifua tu kama hapumui.

Kuhusu damu nina mfano wa karibu. Msimu uliopita kijana mmoja alikuwa analisha mahindi kwenye mashine ya kupukuchua, mkono wa shati ukavutwa. Mkono ulichanika vibaya. Siku za nyuma tungemwagia majivu, au kahawa, tukafunga na kitenge kilegee, tukaondoka. Safari hii alikuwepo mama mmoja wa kikundi chetu aliyekuwa amepita mafunzo. Akachukua khanga safi, akaikunja, akabana jeraha kwa viganja vyote viwili. Watu wakamwambia afungue waone kama damu imekata. Akagoma. Ilipolowa akaongeza nguo nyingine juu bila kutoa ya kwanza. Wakapanda bodaboda mshikaki, kijana katikati, mama nyuma amebana mkono ule njia nzima. Kijana yupo. Vidole viwili havikunji vizuri, lakini jembe anashika. Mama yule darasani alikuwa haulizi hata swali, anakaa nyuma na mtoto mgongoni.

Damu ikiwa inaruka na kubana kumeshindwa, hapo ndipo unafunga kwa kitambaa kipana juu ya jeraha, unakaza kwa kijiti mpaka ikate, na unaandika saa uliyofunga. Ni kwa damu ya namna hiyo tu.

Kwa nyoka ni kinyume. Usifunge kamba ya kukaza, usichanje chale, usinyonye, usipoteze saa nzima na jiwe jeusi. Shirika la Afya Duniani liliweka kung'atwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na wanakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Wengi ni watu wa jembe kama sisi. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, funga kiungo kwenye ubao kama aliyevunjika ili kisichezecheze, asitembee mwenyewe, na muondoke. Kumsaka nyoka ili mwende naye hospitali ni kutafuta mgonjwa wa pili. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi sana, hapohapo, usisugue.

La mwisho ni mashimo. Kisima, shimo la kinyesi la mtambo wa baiogesi, shimo lolote ambalo mtu kaingia akanyamaza. Usishuke kumfuata. Hewa iliyomwangusha yeye itakuangusha na wewe, ndiyo maana mara nyingi unasikia walikufa wawili, watatu. Piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, ita watu, na kama alikuwa amefungwa kamba mvuteni kutoka juu. Vivyo hivyo kwa aliyepigwa na umeme kwenye pampu. Zima swichi kuu kwanza, ndipo umguse.

VISINGIZIO VYETU

Cha kwanza ni woga wa kulaumiwa. Watu wananiambia, bwana shamba, nikimshika akafa mikononi mwangu, ndugu zake watasema mimi ndiye niliyemmaliza, na polisi wataanza na mimi. Naelewa woga huo, sio wa kubeza. Dawa yake ni kwamba kijiji kijue hadharani nani wamefundishwa. Watambulishwe kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mwenyekiti na mtendaji, ili siku wakiinama juu ya mtu kila mmoja ajue wanafanya nini. Mtu akiinama peke yake watu wanamuona mchawi au mwizi. Akiwa ametambulishwa, wanamsaidia kushika.

Na ile PF3 isiwe sababu ya kumwacha mtu anavuja damu. Mmoja aende polisi kufuata fomu, wengine muwe njiani kwenda hospitali.

Cha pili ni gharama. Hapa nitasema wazi. Tunachangishana hela ya kuchapisha fulana za Nanenane. Tunachanga za soda siku mgeni wa wilaya anakuja. Mwalimu wa huduma ya kwanza kutoka Msalaba Mwekundu, au hata mganga wenu wa zahanati mkimuomba kwa heshima siku ya kikundi, hawezi kutushinda. Mdoli ukikosekana, mwalimu hodari anaweza kuanza kuwafundisha mwendo wa mikono kwenye mfuko uliojazwa pumba vizuri.

Cha tatu ni kusema ajali ni mipango ya Mungu. Mimi pia ni mtu wa imani. Lakini hatujawahi kukataa kupulizia viwavijeshi kwa kusema ni mipango ya Mungu. Mahindi tunayapigania mpaka gunzi la mwisho.

NINACHOOMBA

Kwanza, kila kikundi na kila AMCOS iwe na watu wasiopungua wanne waliofundishwa, wanawake wakiwemo, maana mchana wao ndio wengi shambani. Na warudie kila mwaka, mikono inasahau.

Pili, wenzangu maafisa ugani, tusifungue shamba darasa la kupulizia dawa bila kufundisha dakika kumi za kwanza baada ya sumu. Tukileta bomba la solo bila kufundisha hilo, somo letu ni nusu.

Tatu, kwenye kila bwawa. Mimi sasa sipimi bwawa la mtu yeyote kama uzio haumo kwenye bajeti yake. Wawili wamenikasirikia, mmoja akaenda kutafuta mtu mwingine wa kumpimia. Sawa. Na pembeni ya bwawa naweka nguzo, nguzo ina kamba ya mita 15, mwisho wa kamba kuna dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri. Dumu linaelea, mtu analishika, unamvuta. Asiyejua kuogelea asijitose, arushe dumu. Gharama yake haifiki ya mfuko mmoja wa chakula cha samaki. Watoto wakilitumia kuchotea maji, lirudishe, usichoke.

Nne, namba. Andikeni ukutani kwenye ghala na kwenye banda la pampu: 112 polisi, 114 zimamoto, namba ya zahanati, na namba za bodaboda wawili wanaolala karibu. Siku ile mimi nilikuwa na namba moja tu, na haikupatikana.

Bwawa lile bado lipo. Mwenyewe alitaka kulifukia, wazee wakamzuia, wakasema lizungushiwe uzio kwanza ndo lifugwe tena. Uzio ni wa matete na waya, nimesaidia kuufunga. Nikienda kupima samaki napita kwa bibi kumwamkia. Hajaniuliza tena, na mimi sijamwambia kwamba nilikwenda kusoma. Nafikiri nitamwambia siku kikundi cha kitongoji chake kitakapomaliza mafunzo, mwezi ujao. Wamejiandikisha 23, na wawili wanatoka nyumbani kwake.

Wewe kikundi chenu kina wangapi? Hesabuni kwenye mkutano ujao, halafu niandikieni majibu hata kama ni sifuri. Nami wiki ijayo nitarudi na chakula cha sato, kama nilivyoahidi.

Kazi njema shambani.